Blanketi la viraka kwa mjukuu wa Desemba: niliyojifunza kwa wajukuu watano

Dada yangu, umesema binti yako anajifungua Desemba hapa hapa Dar, unataka kumshonea mjukuu blanketi la viraka vya khanga, ila hujui ndani uweke pamba au sponji. Mimi nina wajukuu watano, na kila mmoja nimemshonea lake kwa cherehani changu cha kukanyaga hapa Temeke. Nikueleze nilivyopitia.

Pamba usiweke, wala sponji. Joto la Desemba unalijua, mtoto atajaa harara. Katikati weka shuka la zamani, lile lililofuliwa mpaka likalainika, inatosha. Mama yangu alikuwa akijaza mito kwa sufi, nami nikajaribu kuitia kwenye blanketi la mjukuu wa pili. Lilipofuliwa mara ya kwanza tu, sufi yote ikakimbilia pembe moja ikaganda mabonge. Sufi ni ya mito na magodoro, vitu vya kuanikwa juani. Cha mtoto mchanga kinaingia kwenye beseni kila siku.

Kazi kubwa iko kwenye khanga zenyewe. Ukienda Kariakoo, maduka ya Mtaa wa Uhuru, usikubali kuambiwa tu kwamba ni pamba tupu. Chomoa nyuzi mbili tatu, ukifika nyumbani zichome. Pamba inaungua kama karatasi na jivu lake linapukutika vidoleni. Yenye poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hiyo iache, haifyonzi jasho.

Kisha fua kabla hujashika mkasi. Hili naomba ulishike sana. Blanketi la mjukuu wangu wa kwanza nililikata kwenye khanga mpya, dondo, ule wanga wa kukaza kitambaa kipya, likiwa bado ndani, nyekundu na nyeupe. Lilitoka zuri mno. Mkwe wangu akalifua mara moja, nyekundu ikamwagikia nyeupe yote, khanga zikasinyaa huku kitambaa cha nyuma kikibaki vilevile, likajikunja lote. Nililia, maana nililishona wiki tatu. Tangu hapo nafua kila khanga mpaka maji yatoke meupe, kisha naweka kitambaa cheupe kilicholowa juu yake na kukandamiza kwa pasi. Kikiwa na doa la rangi, nafua tena. Ndiyo maana napenda zaidi khanga kuukuu za ndani ya nyumba: zimeshatoa rangi yote na zimeshasinyaa kadiri ya kusinyaa.

Vipimo ni rahisi. Kata miraba ya inchi 6, acha nusu inchi ya mshono kila upande, maana khanga hufumuka haraka. Kila kiraka kitabaki inchi 5. Viraka 7 kwa 9, jumla 63, vinakupa blanketi la inchi 35 kwa 45. Panga kwanza sakafuni, ondoka, rudi uangalie. Piga pasi kila mshono kabla ya kuungana na mwenzake, usipitishe hata mmoja. Tabaka zote tatu, yaani viraka, shuka na kitambaa cha nyuma, zishikize kwa bandi ya uzi, mishono mirefu ya muda, usitumie pini, maana pini moja ikisahaulika ndani ya kitu cha mtoto ni hatari. Halafu pita na cherehani juu ya mishono, sindano namba 14, hatua ndefu kidogo. Kuzunguka pembeni tumia pindo la khanga lenyewe, linapendeza kuliko utepe wowote wa dukani.

Jina la khanga usilikate vipande. La mjukuu wangu wa nne lina khanga ya marehemu mama yangu, "Nani kama mama". Ilikuwa imechakaa, ukiweka mkono chini yake unauona. Nikaikata ule mstari mzima wa maneno, nikaupa mgongo wa kitambaa cha marekani chepesi ili usichanike, nikaushona chini kabisa ya blanketi. Mtoto huyo sasa yuko chekechea. Juzi nimemkuta amelala kifudifudi, kidole juu ya herufi, anasoma N, A, N, I. Babu yake ikabidi atoke nje.

Kwa mwaka wa kwanza mwambie binti yako asimwache mtoto alale peke yake amefunikwa nalo, mchanga hajui kujifunua uso. Alitandike mkekani achezee juu yake, nawe ukiwa karibu. Vifungo na shanga usishone kabisa, ataviweka mdomoni.

Anza wiki hii kufua. Na mwombe binti yako khanga moja anayojifunga sasa akiwa na mimba, uiweke katikati, usimwambie ni ya nini mpaka siku ya arobaini.