Oili ya 140 haitibu difu inayovuma

Swali: Habari za kazi fundi. Nina pikapu ya 4WD iliyotembea kilomita 160,000, na tangu niinunue sijawahi kubadilisha oili ya difu wala ya transfa, lile boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Mwezi uliopita nilivuka maji yaliyofika juu ya ekseli. Sasa nikiwa kwenye 80 difu ya nyuma inavuma, nikitoa mguu kwenye akselereta sauti inapungua. Fundi wangu anasema tuweke 140 kwenye difu zote mbili na transfa, kopo la aina moja, pamoja na dawa ya kuua sauti. Nikubali? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

Jibu: Usikubali. Kuifanya mwenyewe inawezekana na nitafika huko, ila kwanza tumalizane na hiyo 140, maana nimechoka kuisikia. Difu inavuma, tia nzito. Difu inavuja, tia nzito. Gari limezeeka, tia nzito. Kana kwamba chuma kikishalika huota tena.

Ndani ya difu, nyumba ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, kazi yote inabebwa na gia mbili: pinioni inayotoka upande wa propela (mhimili mrefu unaoleta nguvu kwenye difu), na kraun kubwa inayozungusha ekseli. Pinioni haikai katikati ya kraun. Imeshushwa kidogo, kwa hiyo meno yake hayabingiriki tu juu ya mengine, yanateleza na kusuguana huku yamebanwa kwa nguvu kubwa mno. Mbano ule unaisukuma oili pembeni, nyepesi au nzito, hadi chuma kinakaribia kugusa chuma. Kinachookoa meno hapo ni kemikali za salfa na fosforasi zilizomo kwenye oili ya daraja la GL-5. Pale meno yanapopata moto kwa kusuguana, kemikali hizo hushikana na chuma na kufanya utando mwembamba, na utando huo ndio unaolika badala ya jino. Ile harufu kali inayokaa mkononi hata ukinawa kwa sabuni mara tatu ni ya hiyo salfa.

Namba 140 haikuambii chochote kuhusu kemikali hizo. Ni kipimo cha uzito, yaani oili inavyotiririka kwa shida au kwa urahisi, basi. Na hata uzito wenyewe watu wanausoma vibaya. Mtu anaona 90 kwenye kopo la oili ya gia na 40 kwenye la injini, anahesabu kwamba ya gia ni nzito zaidi ya mara mbili. Hapana, mizani ni mbili tofauti. Kwenye nyuzi joto 100, SAE 90 ya gia iko kati ya sentistoki (kizio cha uzito huo) 13.5 na 18.5, na SAE 40 ya injini iko kati ya 12.5 na 16.3. Zinapishana kidogo tu. Inayoruka mbali ni 140, inayoanzia 24 na kwenda hadi 32.5. Kwa hiyo kama kitabu cha gari lako kimeandika 75W-90 au 80W-90, unachotaka kuwekewa kinakaribia uzito mara mbili. Zipo ekseli ambazo kiwanda chenyewe kimeziandikia 85W-140, hasa za kubeba mizigo mizito kwenye joto kali. Hizo zipe 140 yake, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na anayeichagua kwa kusikiliza sauti.

Sasa angalia uzito huo unakwenda kuumiza wapi. Difu haina pampu. Kraun inachota oili chini na kuirusha juu, halafu oili inatiririka kwenye kijia ndani ya nyumba ya difu hadi kwenye beringi za pinioni. Beringi ya mbele kabisa, ile iliyo nyuma ya sili pale propela inapofungwa, ndiyo ya mwisho kufikiwa. Asubuhi gari likiwa baridi, oili nzito inajikokota kwenye kijia hicho, na beringi inazunguka huku ikiisubiri. Na kwa maelezo yako, beringi za pinioni ni miongoni mwa watuhumiwa wakubwa.

Difu inayovuma ukiwa umekanyaga akselereta na kupungua ukiachia, mara nyingi tatizo liko kwenye mgusano wa meno ya kraun na pinioni, au kwenye beringi za pinioni zilizolegea hadi pinioni inasogea kila ukibadilisha mguu. Ingekuwa kelele inatokea kwenye kona tu, ningezifikiria gia ndogo za katikati. Ingekuwa ngurumo isiyobadilika hata ukiachia mguu, ningeanzia kwenye beringi za magurudumu. Hakuna oili inayorudisha beringi iliyolegea mahali pake. Nzito itakachofanya ni kufunika kombe mwanaharamu apite: wiki chache za ukimya, pinioni inaendelea kucheza, meno yanaendelea kulika pasipostahili, na sauti ikirudi kilichokuwa kazi ya beringi kimekuwa kazi ya kraun na pinioni mpya.

Kilichonishtua zaidi kwenye swali lako ni maji, na fundi wako kayaruka. Difu inapoingia majini ikiwa ya moto, hewa iliyomo inapoa ghafla na kusinyaa, na lazima ivute kitu kujaza nafasi. Kipumulio, yaani kitundu cha kupitishia hewa ya difu, kikiwa kizima na mdomo wake uko juu, inavuta hewa. Kikiwa kimeziba kwa tope, inavuta maji kupitia sili. Mwezi mzima wa maji kwenye beringi ni kutu. Kwa hiyo usingoje hesabu ya kilomita: fungua leo au kesho, difu zote mbili na transfa. Oili ikitoka nyeupe-nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Imwage yote, jaza mpya ya aina ile ile sahihi, endesha polepole mwendo mfupi ipate moto, imwage tena ndipo ujaze ya kukaa. Usikubali mtu asuuzie kwa dizeli au mafuta ya taa. Hayatoki yote, na yanayobaki yanaichujua oili mpya kabla haijaanza kazi.

Transfa usiipe oili ya difu kwa mazoea. Nyingi zina mnyororo ndani na pampu ndogo inayopandisha oili kwenye beringi za juu, na hizo zimeandikiwa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, ambayo kwenye nyuzi 100 huwa karibu na sentistoki 7 tu. Ukimimina 140 humo, pampu inahangaika kuinyonya na beringi za juu zinakaa kavu. Nyingine zinatumia oili ya gia, na zipo zilizoandikiwa oili ya injini. Jirani kuwa na pikapu ya jina moja na yako hakukusaidii, kwa sababu mwaka au giaboksi tofauti huweza kuleta transfa tofauti. Fungua kitabu cha gari. Kopo hilo hilo wasilipeleke pia kwenye giaboksi ya manual (ya kubadili gia kwa mkono), maana nyingi zinataka GL-4: salfa ya GL-5 huweza kushambulia ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia, na utelezi wake unazifanya gia ziingie kwa shida. Difu ya nyuma ikiwa ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, inahitaji oili ya LSD, la sivyo itatetemeka kwenye kona. Tafuta kibandiko kwenye ekseli.

Kazi yenyewe ni ya spana, beseni na subira. Endesha kwanza oili ipate moto, egesha pahali sawa, weka vizuizi vya magurudumu. Halafu fungua bolti ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Kila mara. Bolti ya kujazia ndiyo hukaa miaka bila kuguswa na kushika kutu, na ukishamwaga oili yote ndipo ugundue haifunguki, gari halitoki hapo. Bolti za difu ya mbele mara nyingi zina tundu la pembe sita. Chokonoa uchafu wote ndani ya tundu kwa msumari kabla ya kuingiza spana, vinginevyo itakaa nusu na kukwangua kingo.

Bolti ya kumwagia kwa kawaida ina sumaku. Ukikuta imevaa tope laini la kijivu linalofutika kwa kitambaa, huo ni ulaji wa kawaida. Lisugue katikati ya vidole. Ukihisi punje, au ukaona vipande vinavyong'aa vyenye umbo la kona ya jino au ganda la beringi, acha kufikiria oili, difu ishushwe. Kwa sauti uliyonieleza, mimi ningemwambia fundi ashike kichwa cha pinioni na kukitikisa kwa mkono propela ikiwa imefunguliwa. Haitakiwi kucheza hata kidogo juu-chini wala kuingia na kutoka.

Weka washa (pete ya bolti) mpya, jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, iache itulie, funga bila kurefusha spana kwa bomba. Gari likiwa limeinuliwa upande mmoja, kipimo hicho ni uongo. Na kuzidisha hakuongezi ulinzi: oili inatoa povu, presha inapanda, sili za ekseli zinasalimu amri na oili inaishia kwenye breki za nyuma.

Ile dawa ya kuua sauti ndiyo inanitia hasira hasa, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili yako. Inamfaa anayeuza gari. Zamani walikuwa wanatia unga wa mbao kwenye difu, leo ni majimaji yanayonata au grisi iliyopondwa ndani ya oili, lakini kazi ni ile ile: kelele inyamaze mpaka mnunuzi alipe na kuondoka. Unga wa mbao unanyonya oili na kuziba kile kijia cha beringi. Grisi inaganda kando na kuiacha kraun ikichota hewa. Ukienda kukagua pikapu iliyotumika, omba bolti ya kujazia ifunguliwe, ingiza kidole. Oili ikivutika nyuzi ukitenganisha vidole, au ikiwa na chenga, rudisha bolti na uage. Muuzaji akikujibu kwamba oili ya difu ni ya maisha na haifunguliwi, muulize maisha ya nani. Vitabu vingi vinataka ibadilishwe au angalau ikaguliwe, kwa kawaida mapema zaidi kwa gari linalobeba mizigo, kuvuta trela au kupita majini.

Kama ile 140 wameshaiweka ukiwa unasubiri jibu langu, imwage ikiwa ya moto na uipe muda mrefu idondoke. Baada ya kujaza ya sahihi, usishangae difu ikavuma zaidi ya jana, hiyo ndiyo sauti yake halisi na ndiyo unayotakiwa kumpelekea fundi wa difu. Na ukiona unyevu kwenye sili ya pinioni siku chache baadaye, vua kipumulio ukipulize kwanza kabla hujanunua sili.