Maswali ya Wasomaji: Kuzungumza kwa Helmeti Barabarani

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi na mwenzangu huendesha pikipiki zetu hadi Voi mara kwa mara, na majuzi tulinunua vifaa vya mawasiliano vya kufungwa kwenye helmeti. Tukiwa mjini twasikizana vizuri, lakini tukishapita Mazeras sauti hukatikakatika na upepo hufunika maneno. Isitoshe, mwenzangu hutangulia na kuniambia wakati wa kuyapita malori, nami nina wasiwasi na jambo hilo. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linaloweza kukugharimu uhai. Mwenzako anapokwambia "njia nyeupe, pita", anaisema barabara anayoiona yeye, akiwa tayari mbele ya lori, kwa wakati ule anaotamka. Wewe ungali nyuma ya trela, na hadi usikie, ubadilishe gia na kutokeza upande wa kulia, sekunde kadhaa zimekwisha. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na gari linalokuja likiwa katika mwendo huohuo, mnakaribiana kwa takriban mita 44 kila sekunde, hivyo sekunde 4 tu zinakula zaidi ya mita 170 za ile njia aliyokuahidi. Afikianeni kwamba neno "pita" halitamkwi kamwe. Aseme yale yanayokuzuia: "lori laja", "shimo kushoto", "mafuta barabarani", "ng'ombe". Ruhusa ya kupita itoke kwenye macho yako mwenyewe, na usipoona mbele, baki nyuma hata kama mwenzako ametokomea. Mazungumzo marefu nayo yangojee mpumzike Mackinnon Road, pale msikitini wanaposimama wasafiri wengi.

Sauti kukatika si lazima iwe ni ubovu wa kifaa. Umbali ulioandikwa kwenye boksi hupimwa mahali peupe, pasipo kizuizi baina ya kifaa na kifaa, ilhali barabara ya Mazeras ina vilima, makona na misururu ya malori ya makontena kutoka bandarini, na mawimbi ya Bluetooth hayapenyi chuma wala kilima. Msiachane mbali. Mfumo wa meshi huwafaa zaidi wanaosafiri kwa kundi, kwa sababu kila kifaa hupokeza sauti kwa vingine. Kwa watu wawili, sioni haja ya kuongeza gharama.

Kuhusu upepo, chunguza maikrofoni kabla ya kulaumu spika. Inapaswa kukaribia kabisa midomo, uso wake ukiielekea, na kile kisponji chake kisitolewe. Spika nayo ielekee tundu la sikio barabara. Ikisogea sentimita 2 tu, utalazimika kuongeza sauti hadi masikio yaumie. Usitoboe ganda la helmeti kwa ajili ya kufunga kifaa, na ukirejea Pwani, pangusa tundu la kuchajia, maana hewa ya chumvi hula chuma haraka.

Mawasiliano yakikatika kabisa, anayetangulia asigeuze kichwa nyuma. Atazame kioo cha pembeni, na asipoiona taa yako, apunguze mwendo na kukungoja kwenye kituo cha mafuta kinachofuata, nanyi mpange hivyo kabla ya kuondoka Kisauni.