Kurasa ngapi kwa tovuti ya fundi samani?
Umeuliza uanze na kurasa ngapi. Kurasa kuu nne zinatosha: mwanzo, bidhaa, bei na usafirishaji, mawasiliano. "Dira na dhima" iache, hakuna anayeisoma. Chini ya bidhaa, vitanda, makabati na sofa kila kimoja kipate ukurasa wake. Ukivirundika pamoja, picha zinamaliza bando la mteja na Google inaweza kushindwa kujua ukurasa unahusu nini hasa.

Chora kwanza mpangilio wa kurasa na menyu kwenye karatasi, kisha mwambie mtu asiyeijua biashara yako atafute bei ya kitanda cha futi 5 kwa 6. Akianza kupapasa, menyu ina kasoro. Anwani za kurasa nazo ziamue sasa, fupi kama /vitanda. Ukizibadilisha baadaye bila kuelekeza za zamani kwenye mpya, viungo ulivyokwisha kusambaza WhatsApp vinakufa.