Kumhudumia mama aliyepooza bila wewe mwenyewe kuanguka

Pole sana, dada. Umesema mama ana miaka 78, kapooza upande wa kulia, uko naye peke yako hapo Kirumba, Mwanza, na biashara ya dagaa imesimama.

Anza na ngozi, maana kidonda cha kulala hakisubiri vikao. Mgeuze kila baada ya saa 2: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Weka mto katikati ya magoti, na akilala chali weka mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Usimburute, msuguano ndio unaochuna ngozi. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani, mlishike watu wawili, mmoja kila upande, mumnyanyue kwa pamoja. Ukigusa sehemu ikawa ya moto, ngumu au imebadilika rangi, usiisugue wala usimlaze upande huo. Mwite mhudumu wa afya wa mtaani.

Sasa huyo mtu wa pili. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na baraza la wazee, lakini usiombe "msaada" tu, watu wataitikia na wasije. Taja siku na saa: Jumanne na Ijumaa, saa 12 hadi saa 4 asubuhi, wewe uwe sokoni Mwaloni.

Mwenyekiti huyohuyo mwombe barua ya mtaa, uipeleke ustawi wa jamii, pamoja na picha na uthibitisho wa umri, uombe kitambulisho cha matibabu bure kwa wazee wasiojiweza, kuanzia miaka 60. Hospitalini ulizia dirisha la wazee.