Shangazi, nimtumie wimbo wa Adele kabla hajaoa?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 23, kwetu Tanga, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Leicester. Mwenzangu wa miaka mitatu aliniacha mwezi wa tano, na Jumamosi ijayo anaoa. Simlaumu, mapenzi hayalazimishwi. Hata ile kodi niliyomlipia miezi minane alipokuwa hana kazi, simlaumu. Nikitoka zamu ya usiku kwenye basi nasikiliza "Someone Like You", wimbo wa mwimbaji Mwingereza Adele wa kumtakia heri mpenzi wa zamani aliyeoa, naurudia mpaka nashuka. Nataka nimtumie usiku wa kuamkia harusi, ajue nimemsamehe. Kuna ubaya? Ni mimi, nisiye na lawama.*

Marahaba, mwanangu. Usiutume.

Wewe ni mtu wa Tanga, kijembe unakijua. Kwetu mtu akitaka kusema na mwenzake bila kufungua mdomo, huvaa kanga yenye jina la kuchoma, akapita mlangoni mara tatu kama anayekwenda dukani. Wimbo unaoingia kwenye simu ya bwana harusi saa sita usiku ni kanga hiyohiyo, hata ukiwa wa piano tupu. Na usiku ule simu yake huenda iko mkononi mwa dada yake.

Lakini kilichonikaa moyoni ni hilo "simlaumu". Umeliandika mara mbili, kisha ukaliweka na kwenye sahihi. Asiye na lawama hahitaji kuapa mara tatu.

Hebu tuirudie albamu yenye wimbo huo. Inaitwa 21, ilitoka Januari 2011, ya pili kwa Adele, na ameipa jina la umri aliokuwa nao alipokuwa akiiandika. Ulikuwa mdogo kuliko wako. Ina nyimbo 11. Huo wako, aliouandika na Dan Wilson, ni wa 11. Wa kwanza ni "Rolling in the Deep", aliouandika na Paul Epworth mara tu alipoachana na mpenzi wake wa wakati huo, hasira ikiwa bado ina moto. Ngoma zinakita kama mtu anayekanyaga sakafu ya mbao kwa kisigino. Katikati hapo anasuta, anavutwa kurudi, anakiri kwamba na yeye alikuwa na kasoro zake, anaahidi kungoja. Baraka zimekuja mwisho kabisa, na hata hapo hakuwa amepona: Februari mwaka huohuo aliuimba wimbo huo wako kwenye tuzo za muziki za Brit, huko Uingereza, yeye na piano tu, na ulipokwisha machozi yakamshinda mbele ya ukumbi mzima.

Wewe umeruka nyimbo kumi, ukaenda moja kwa moja kwenye kusamehe. (Mimi nina wasiwasi na watu wanaosamehe haraka. Mara nyingi ni mimi.)

Kodi ya miezi minane huko Uingereza si sahani ya ubwabwa. Ulikuwa ukiamka usiku kugeuza wazee wa watu vitandani ili yeye apate pa kulala. Kama mlipatana atarudisha, mdai: mchana, harusi ikishapita, kwa ujumbe wenye tarakimu na bila hata kikopa kimoja. Kama ulitoa kwa mapenzi, basi hela imekwenda, lakini ruhusa ya kukasirika haikwenda nayo. Kasirika. Jirekodi kwenye simu ukimsema yote, kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha ufute.

Jumamosi chukua zamu. Kama hawana zamu, nenda kwa shoga yako yeyote anayejua kupika, umwachie simu mlangoni.

Na kesho ukipanda basi, anza na wimbo wa kwanza. Usirukie wa mwisho hata ukiona kituo kinakaribia. Ukishuka uko wa nne, keshokutwa uendelee na wa tano.