Kamera inabembea kama timazi

Swali: Fundi, mimi hurekodi harusi hapa Kisumu. Nimejiundia kishikio cha kutuliza kamera: bomba la alumini, kiungo cha beringi, na kilo 2 za chuma chini. Lakini nikisimama, picha inaendelea kubembea. Niongeze uzito?

Jibu: Usiongeze hata nati moja, ndugu yangu. Ulichounda ni timazi ya mwashi: ukiivuta kisha usimame, lazima ibembee. Kishikio changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo, nikarudi nyumbani na saa nzima ya bibi harusi anayepepesuka kama mlevi.

Piga hesabu. Tuseme kamera ni gramu 900 na iko sentimita 10 juu ya kiungo. Uzito ulio sentimita 30 chini ya kiungo ukiwa gramu 300 tu, mizani imelingana, na bomba lenyewe linasaidia. Kilo 2 za nini?

Punguza chuma mpaka chini kulemee kidogo tu. Kisha laza bomba, liachie, uhesabu. Likichukua sekunde 2 hadi 3 kusimama wima, umefika. Likianguka kabla hujamaliza kusema “moja”, bado chini kunalemea. Marekebisho ya mwisho yafanye kwa kushusha kiungo milimita moja moja. Wengi hukipandisha, wakazidisha kubembea.

Chuma kinachobaki kigawe mara mbili, ufunge kwenye ncha za chuma bapa kirefu, moja mbele na nyingine nyuma. Umbali ndio wenye kazi hapo: uzito ukiusogeza mbali mara 2, kamera inakuwa ngumu kugeuka ovyo karibu mara 4. Steadicam, kishikio cha kutuliza kamera alichobuni Garrett Brown wa Marekani miaka ya 1970, hutumia betri na skrini kuwa uzito wa chini. Nawe betri yako ya akiba ifunge hapo.

Beringi mpya huja na girisi nzito. Ioshe kwa petroli, nje na mbali na jiko, ikikauka itie tone moja la mafuta ya cherehani. Ukinunua ya mtumba soko la Kibuye, izungushe karibu na sikio kabla hujatoa pesa. Ikikwaruza, iache mezani.

Tena, maharusi wakitaka kupigwa picha ufukweni Dunga, waombe waje asubuhi. Upepo wa ziwa huingia alasiri, na kishikio kilicholingana vizuri ndicho huyumba upesi zaidi. Wakikataa, gusa bomba kwa vidole viwili chini kidogo ya kiungo, wala usilikamate.