Maswali ya Wasomaji: Mimea Inayokula Wadudu

Barua nyingi za safari hii zinahusu mimea inayojitegea wadudu: dionea yenye mitego kama taya, drosera yenye majani ya kunata, sarasenia yenye majani marefu kama tarumbeta, na nepenthesi yenye vibuyu. Karibu zote zinalalamika mmea kufa. Tumeanza na ile iliyobeba makosa mengi kwa pamoja.

Swali: Wataalamu, salaam. Nina dionea ya miezi mitatu. Naimwagilia kila siku maji ya bomba niliyoyachemsha yakapoa, na kila baada ya wiki mbili naipa mbolea kidogo ya maji. Majani yanageuka meusi kuanzia nchani na mitego haijifungi tena. Nimekosea wapi?

Jibu: Umeitunza kama mmea wa kawaida, na hapo ndipo ilipoumia. Dionea asili yake ni vinamasi vya mchanga vya Carolina Kaskazini na Kusini, Marekani, ambako ardhi haina rutuba. Mizizi yake imezoea maji yasiyo na kitu. Naitrojeni na fosforasi huzipata kwa wadudu, kupitia majani. Mbolea uliyoweka kwenye udongo imeichoma mizizi, kwa hiyo iache leo.

Kosa la pili ni maji. Kuchemsha huua vijidudu na kuondoa klorini, lakini chumvi haipandi na mvuke. Ule ukoko mweupe ndani ya birika ni sehemu tu ya chumvi iliyokuwamo. Nyingine bado imo kwenye maji unayoyamimina. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha nako hakuondoi chumvi. Maji yakikauka chunguni, chumvi hubaki, na kesho unaongeza nyingine. Ndiyo maana mmea hupendeza mwezi wa kwanza kisha ukaanza kufa polepole.

Tumia maji ya mvua, maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, au maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi kinyume, unaoyasukuma kwenye utando unaozuia chumvi. Wengine hununua maji ya betri, nayo yanafaa, mradi uhakikishe ni maji matupu na si asidi, maana vyombo vyake hufanana. Maji ya chupa ya kunywa mara nyingi yameongezwa madini, usiyaamini kwa sababu tu ni masafi machoni. Kuna kipimo kidogo cha kalamu kinachosoma chumvi iliyoyeyuka: chini ya miligramu 50 kwa lita ni salama, zikifika 100, tafuta maji mengine.

Sasa uokoaji. Ng'oa mmea, suuza mizizi kwa maji ya mvua, kisha tazama shina lililo chini ya majani, linalofanana na kitunguu kidogo cheupe. Libonyeze taratibu. Likiwa gumu na jeupe, mmea uko hai hata kama majani yote ni meusi. Likiwa laini, la kahawia na linanuka, limeoza. Lililo zima likatie majani yaliyokufa, ulipande kwenye mchanganyiko mpya, shina likae usawa wa udongo, na uweke penye mwanga mwingi lakini si jua kali kwa wiki moja. Usiulishe mpaka utoe angalau majani mapya matatu.

Swali: Huo mchanganyiko mpya unatengenezwaje? Udongo wa msituni hautoshi?

Jibu: Hautoshi, una rutuba, na rutuba ndiyo tunayoikimbia. Chukua peati tupu, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, kipimo kimoja, na perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano, kipimo kimoja. Soma mfuko kabla ya kulipa: ukiona imeandikwa kuwa mbolea imeongezwa, urudishe. Peati kavu hukataa maji, itaelea tu. Iloweke kwenye maji safi ya vuguvugu, uifinye kwa mikono kama sponji hadi ishike maji yote. Perlaiti isuuze kwanza, na uishughulikie ikiwa imelowa, kwani vumbi lake linawasha kifua.

Kama huna perlaiti, mchanga mweupe mkavu wa chembe kubwa unafaa, lakini si wa pwani, una chumvi na makombe. Mchanga wowote usioujua udondoshee siki: ukitoa povu una chokaa, haufai. Makumbi ya nazi yaliyosagwa watu huyasifu, ila mara nyingi yana chumvi; ni lazima yalowekwe na kumwagwa maji mara kadhaa, na sisi bado tungechagua peati.

Chungu kiwe cha plastiki, chenye matundu chini, kina cha sentimita 10 hadi 12. Cha udongo wa kuchoma hunyonya na kuachia chumvi. Kiweke ndani ya sahani yenye maji ya sentimita 2 au 3, na uongeze maji yanapokaribia kwisha. Badilisha mchanganyiko kila mwaka mmoja au miwili.

Swali: Watoto wangu wanachokoa mitego kwa kijiti ili waone ikijifunga. Na tukiwapa vipande vya nyama mitego inaoza. Je, tunaiharibu?

Jibu: Mnaichosha. Ndani ya kila upande wa mtego kuna vinywele vitatu hivi, vyembamba mno. Kimoja kikiguswa mara moja, hakuna kitu. Kikiguswa tena, au kingine kikiguswa, ndani ya sekunde 20 hivi, mtego hufunga. Ni ujanja wa kutopoteza nguvu kwa tone la mvua. Hata baada ya kufunga, mtego husubiri mdudu aendelee kupapatika. Usipohisi kitu ndani hufunguka tena baada ya siku moja hivi, ukiwa umepoteza nguvu bure. Kila mtego una idadi ndogo ya kufunga maishani mwake, kisha hufa.

Nyama nayo haipapatiki, ina mafuta, na ni nzito kuliko uwezo wa jani. Huoza kabla ya kuyeyushwa. Toeni mdudu asiyezidi theluthi moja ya urefu wa mtego, ili kingo zikutane na kuziba; mguu ukibaki nje, bakteria huingia. Mdudu akiwa amekufa, mtego ukishafunga ubonyezeni kwa vidole taratibu kwa nusu dakika, mkiiga papatiko lake. Mtego mmoja kila wiki mbili hadi nne unatosha mmea mzima. Na ukikaa nje, hamna haja ya kuulisha, utajitafutia.

Swali: Drosera yangu ilikuja ikimeta matone. Sasa imekauka matone yote ingawa naipulizia maji asubuhi na jioni.

Jibu: Acha kupulizia. Yale si matone ya maji, ni ute unaotengenezwa na jani lenyewe, na wewe unausuuza. Mmea uliohamishwa huweza kukosa ute wiki mbili au tatu. Baada ya hapo, kosa huwa ni mwanga: unahitaji jua la saa nne hadi sita, au taa ya LED sentimita 15 hadi 30 juu yake kwa saa 14 kwa siku. Aina nyingi zikishiba mwanga vinywele vyake huwa vyekundu.

Swali: Kila mwaka kuna miezi dionea yangu inasinyaa, majani mapya yanatoka mafupi na yamelala chini. Ni ugonjwa?

Jibu: Inataka kulala. Dionea na sarasenia zinahitaji miezi mitatu au minne ya baridi, kati ya nyuzi 2 na 10 za Selsiasi. Zikikosa hudhoofika mwaka hadi mwaka. Penye majira ya baridi, dirisha lisilo na joto linatosha. Punguza maji, udongo ubaki na unyevu tu. Pasipo na baridi, tumia friji: ng'oa, safisha, kata majani meusi, funga shina kwa sfagnamu, yaani kuvu-mwani laini wa kinamasi, iliyoloweshwa na kukamuliwa, tia kwenye mfuko wa plastiki, uweke rafu ya chini. Fungua kila wiki mbili kuangalia ukungu. Kwenye friza usithubutu. Drosera kapensisi ya Afrika Kusini hailali, wala nepenthesi za nchi za joto. Kama friji imejaa, anza na hizo.

Swali: Nepenthesi haitoi vibuyu.

Jibu: Hewa kavu au kivuli, mara nyingi vyote viwili. Isogeze kwenye mwanga, unyevu wa hewa uzidi asilimia 50. Na hii usiiweke kwenye sahani ya maji kama wenzake. Mizizi yake hutaka hewa. Usimwage maji yaliyo ndani ya kibuyu.

Swali: Majani mapya ya dionea yanatoka yamepinda, na kuna vidude vya kijani katikati.

Jibu: Vidukari. Zamisha mmea na chungu chake kwenye ndoo ya maji ya mvua kwa siku mbili, ukiweka jiwe juu usielee. Rudia baada ya wiki moja. Sabuni ya vyombo usiipake, huchoma majani.

Swali: Naweza kuzalisha drosera bila mbegu?

Jibu: Kata jani zima pamoja na kikonyo chake, uliache lielee kwenye kikombe cha uwazi chenye maji yaliyokenekwa, ukifunike, ukiweke penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Baada ya wiki tatu hadi sita utaona vijimea vyenye majani madogo vikichomoza juu ya jani. Subiri vitoe mizizi ndipo uvihamishie kwenye peati. Maji yakigeuka rangi ya chai, yabadilishe. Jani likiwa jeusi lote, litupe uanze na lingine.